Shangazi kwenye Kamba

Asiyesikia la mkuu hufika kileleni. Shangazi yangu, fundi cherehani, alinifuata hadi kambi ya mwisho mlimani ili anirudishe nyumbani. Kiongozi wa wapandaji alipotufunga kamba ya kuvukia barafu, Shangazi naye akadai afungwe nyuma yangu.

"Nitakuvuta kama mbuzi, we mkaidi!"

Tulipofika katikati akavuta kweli, akateleza yeye. Nikakita shoka kwenye barafu, kamba ikamshika, akabaki amekaa kitako akicheka.

"Kumbe kazi unaijua! Haya panda, unanichelewesha."

Kileleni, mawingu yakiwa chini ya viatu vyetu, alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Kisha akaikumbuka hasira yake.

"Niombe radhi kwa kunipandisha huku."

"Siombi, Shangazi. Wala kesho sitaomba."