Bi Tulizo Hana Mgongo

Kila asubuhi Meja alifuta meza kwa kitambaa kibichi, akatundika koti lake la kijeshi nyuma ya mlango, akawasha kompyuta, kisha akawasalimia watu kwa jina la Bi Tulizo. "Mmeamkaje, wapendwa? Goti leo linanisumbua, lakini chai nimeinywa, namshukuru Mungu." Salamu iliingia kwenye kikundi cha simu cha mtaa ulio nyuma ya kambi, na watu wakaijibu kwa mapenzi.

Bi Tulizo alikuwa mtu wa kutungwa, na mtungaji alikuwa Meja. Kambini walimwita Daktari, kwa kuwa alisomea hadi juu kabisa namna ya kuwafanya watu waamini. Askari wapya walimpelekea matumbo yao mpaka walipoelezwa kwamba huyu hatibu. Kanuni yake kuu ilikuwa kila mtu wa kutungwa apewe ugonjwa, maana anayeumwa hashukiwi. Kwa hiyo Meja alimpa Bi Tulizo goti la mama yake mzazi. Akampa na maneno ya mama yake, kwa vile yalikuwa karibu na hayakuhitaji utafiti.

Tangi la dizeli la kambi lilikuwa limepasuka chini ya ardhi na kuvujia visima vya mtaa ule. Kulichimbua kungemlazimu mkuu wa kambi kukiri. Kumtunga Bi Tulizo hakukumlazimu mtu kitu. Kwa hiyo, baada ya salamu, Bi Tulizo aliwaambia majirani kwamba maji ya kisima chake ni matamu kama zamani, na wanaolalamika wametumwa.

Mama yake Meja aliishi mtaa huohuo. Kila alipomtembelea, Meja alimpelekea katoni ya maji ya dukani, bila kusema kwa nini. Mama aliyamwagia maua. Alisema hayana ladha.

Jumatatu moja Bi Tulizo alifika kambini. Mlinzi alimwomba kitambulisho.

"Sina, baba. Aliyenitunga yuko ndani."

Mlinzi akamfungulia. Alikuwa mama wa makamo, mwenye uso mpole wa picha ile ile Meja aliyomwekea kwenye kikundi. Mgongo hakuwa nao, kwa sababu picha ilipigwa kwa mbele tu. Kila alipoingia alitafuta ukuta.

"Afande, una mgeni," karani alisema. "Nimletee kiti?"

"Mletee stuli. Kiti cha kuegemea atakifanyia nini?"

Bi Tulizo akaketi. "Mama yako amenialika chai," alisema. "Nikaona si adabu kwenda bila kukupitia."

Wakaenda pamoja. Mama alimpokea mgeni kwa jina, akamkalisha, akaanza kumchua goti kwa dawa yake mwenyewe. Birika lilikuwa tayari jikoni.

"Mama, usinywe hayo maji," Meja alisema. "Yana dizeli."

"Shoga yangu anayanywa kila siku. Mwone alivyonawiri."

"Huyu nimemtunga mimi, mama. Yote anayosema naandika mimi."

Mama akamtazama mgeni, kisha mwanawe, bila kuacha kuchua.

"Huyu ananijulia hali kila asubuhi. Wewe nikikupigia, uko kikaoni. Kama kutunga unaweza, nitungie na mwana."

Meja akamgeukia Bi Tulizo. "Mwambie basi."

"Ningemwambia, mwanangu. Lakini maneno hayo hukunipa."

Asubuhi iliyofuata Meja hakufuta meza. Aliandika: "Wapendwa, msinywe maji ya visima." Bi Tulizo, kwenye stuli yake ukutani, akafungua mdomo, akawa tayari. Kilichobaki ni kubonyeza. Mama angeamini kabla chai haijachemka.

Mkuu wa kambi akaingia bila kubisha.

"Daktari, utafiti wako umepita. Makao makuu wanakutaka ukawafundishe. Mtaa mzima unaamini, hajabaki hata mmoja."

"Hata mama yangu," Meja alisema.

"Hata mama yake," mkuu akarudia, akacheka mpaka akashika mlango. "Hilo liweke mwanzoni kabisa mwa somo lako. Tamu hiyo."

Meja akafuta alichoandika. Bi Tulizo akafunga mdomo. Meja akaliweka mwanzoni kabisa, na makao makuu walilipigia makofi, wakampandisha cheo.

Alipopata nafasi ya kwenda tena kwa mama, amevaa cheo kipya, aliyefungua mlango na kumimina chai alikuwa Bi Tulizo. Mama alikuwa ameketi chini, ameegemea ukuta.

"Tumbo," mama alisema. "Si unaitwa Daktari? Nitibu basi."

"Nina kikao, mama. Nitarudi."

"Najua."

Bi Tulizo akamsindikiza. Alitangulia yeye, kwa kuwa sasa aliweza. Alivaa gauni la mama, na ndani ya gauni mlikuwa na mgongo mpana, umeinama kidogo kushoto. Meja aliutambua. Aliwahi kulala juu yake, amefungwa kwa nguo, wakati mama akifagia uani.

Kwenye geti Meja akamkabidhi katoni ya maji. Bi Tulizo akamshukuru, akaifungua, akamwagia maua.

"Nenda, mwanangu, usichelewe," alisema. "Na kesho usiniandikie goti. Limepona."

Meja akaweka akilini kulirekebisha hilo kwenye salamu ya kesho, akaingia kwenye gari.