Kriki na Wavu

Tangu mumewe avunjike mguu, Kavugho alikuwa amejifunza mambo mengi ya kazi yao ambayo zamani hayakumhusu, lakini hakuna lililomchanganya kichwa kama kufunga vyombo vya safari. Kuuza chumvi, sabuni na vitenge alikuwa anakujua tangu usichana wake Butembo. Kusafiri na gari lao, jipu kuukuu, kutoka Sake mpaka Walikale, kwa njia ile ambayo mvua ikinyesha hujui tena kama uko barabarani ao mtoni, hiyo ilikuwa kazi ya Sébastien. Sasa Sébastien alikuwa amelala, mguu ndani ya plasta, na kazi iliyombakia ilikuwa kutoa mashauri kutoka kitandani.

"Weka munyororo kwanza," alisema. "Munyororo, sepetu na kriki. Ukikosa kriki, usiondoke."

Kavugho alijua kriki ni kile chuma cha kuinulia gari tairi linapozama. Akaitia ndani ya gunia pamoja na vingine. Jacques, dereva wao, alipofika akautoa mnyororo. Alisema mnyororo ni wa malori. Jipu inataka kamba nene na vipande vya mbao vya kutandika chini ya tairi. Jirani mmoja aliyewahi kukwama porini mpaka akala mbegu alizokuwa anapeleka kuuza akawaambia wote wanapoteza wakati: kitu cha kwanza ni maji na chakula, kwa maana gari halifi njaa. Shemeji yake Kavugho akaleta bandeji na chupa ya dawa ya vidonda. Kila aliyepita mlangoni aliongeza kitu na kukitilia shaka kingine, na mwisho Kavugho mwenyewe hakujua tena ndani mna nini na nje mmebaki nini.

Alimwaga vyote sakafuni, akavitazama, akavirudisha vyote, mnyororo na kamba, kriki na sepetu fupi, mbao na pampu ya upepo. Chakula na bido, lile dumu la maji, akaviweka mbele ya gari. Kisha, kwa kuogopa vidole vya wezi wa njiani, alichukua sindano kubwa ya magunia akaushona mdomo wa gunia kwa uzi. Lilikuwa gunia la mchele, jeupe, lenye mstari wa buluu ubavuni, la namna ile inayojaa soko zima la Sake.

Siku ya safari walipakia abiria wachache juu ya mizigo, kama ilivyo desturi. Mmoja alikuwa Mukashema, mama kutoka kijiji cha Kibabi aliyekuwa anampelekea dada yake maharage. Mwingine alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, jina lake Polycarpe, mkulima na mwindaji wa Kashebere. Alipanda akiwa amekumbatia gunia lililoshonwa.

"Iko mali ya ndugu yangu Paul," alimweleza Kavugho, ambaye hakuwa ameuliza. "Alikimbia vita, akakuja kuishi hapa Sake miaka mingi. Ugonjwa ukamuchukua. Nilifika wakiisha kumuzika. Ni mwenye nyumba yake njo alinipa hii, imeshafungwa. Sitaifungua mimi. Nitaifungua mbele ya Mama."

Kavugho alimpa pole, akaingia mbele karibu na Jacques.

Mvua iliwakuta milimani na haikuwaacha. Baada ya Nyabiondo walifika kwenye daraja la magogo lililokuwa limelegea upande mmoja, na Jacques akasema gari halitapita na uzito ule. Basi walishusha mizigo yote, wakaivusha kwa vichwa na migongo, kila mtu akibeba kilicho karibu naye bila kutazama ni cha nani. Jipu ikapita taratibu, magogo yakilia chini yake. Wakapakia tena huku maji yakiwatiririka machoni.

Kashebere walifika mvua ikipungua. Jamaa za Polycarpe walikuwa wamesimama kando ya barabara wakimngoja, na wanawake walipoiona jipu wakaanza kulia kwa sauti. Jacques alipanda nyuma, akavuta gunia, akawapa. Vijana wawili walilipokea, likawayumbisha, wakalipeleka nyumbani kwa heshima kama wanaobeba jeneza. Polycarpe alishika mkono wa Kavugho, akashukuru, akawafuata.

Hawakwenda mbali. Wakiteremka kwenye bonde baada ya kijiji, tairi za nyuma ziliingia ndani ya tope jekundu, zikazunguka, zikazama mpaka jipu ikakalia tumbo.

"Hakuna shida," alisema Kavugho, na kwa mara ya kwanza siku ile alijisikia amefanya jambo sawasawa. "Vyote viko. Leta gunia."

Jacques alilishusha. Kavugho akakata uzi kwa kisu, akaingiza mkono ndani akitafuta chuma, akagusa kitu laini, chenye unyevu, kama nywele. Aliutoa mkono upesi. Akafungua mdomo wa gunia wazi, akatazama.

Ndani mlikuwa na wavu. Ulikuwa wavu wa kuwindia, wa kamba za msituni zilizosokotwa kwa mkono, mzito na mweusi kwa uzee. Katikati yake mlikuwa na kengele za mbao, zile wanazovalishwa shingoni mbwa wa kuwindia, na kifurushi kidogo kilichofungwa kwa ganda la mti.

Alitazama gunia. Mstari wa buluu ulikuwepo. Alitazama uzi alioukata, akajaribu kukumbuka kama wake ulikuwa mweusi ao mweupe, na hakukumbuka. Je, alishona gunia lingine na kuliacha la vyombo nyumbani? Siku ile alimwaga na kurudisha, akamwaga na kurudisha. Pengine yeye mwenyewe ndiye aliyechanganya. Lakini nyumbani kwake wavu ungetoka wapi? Katika ukoo wake hakuna aliyewahi kuwinda hata panya.

"Mama Kavugho, uliweka nini humu?" aliuliza Jacques.

"Niliweka kriki."

"Hii haiko kriki."

"Ninaona, Jacques."

Dereva akauinua upande mmoja wa wavu, akaupima kwa macho. "Basi tuutumie. Tukiukunja na kuusukuma chini ya tairi, itakamata."

"Usiuguse," alisema Mukashema kutoka juu ya mizigo. "Ile kitu iko na wenyewe. Unajua kile kifurushi iko na nini? Mimi sijue, na sitaki kujua."

Jacques alisema yeye ni Mkristo, haogopi vifurushi. Mukashema akajibu kwamba hata yeye amebatizwa, lakini mali ya watu ni mali ya watu. Kavugho alisimama kati yao, tope likimpanda kwenye vifundo vya miguu, akisikia kwamba kila mmoja anasema kweli. Hata hivyo bado hakuelewa, mpaka Mukashema alipokunja uso na kusema polepole:

"Yule Papa tuliyemushusha Kashebere. Gunia yake haikuwa pia na mustari?"

Jacques alivua kofia yake.

"Mimi njo nilimupa," alisema. "Nilichukua ile ya karibu. Niliona iko nzito, nikasema, batu wa musiba, tusiwakawize."

Kavugho aliufunga wavu tena ndani ya gunia, akatafuta kamba, akajitwika mgongoni na kupitisha kamba kwenye paji la uso, kama mama yake alivyokuwa akibeba viazi. Jacques alitaka kwenda yeye. Kavugho alikataa, gari halikuweza kubaki bila dereva, tena alihisi kwamba aliyeshona gunia ndiye anayepaswa kulirudisha. Kwenye kilima lilimlemea mpaka akaona giza, na njiani alitunga maneno ya kusema, akayabadili, akayasahau.

Nyumba ya msiba aliijua kwa watu waliojaa uani. Alijipenyeza mpaka mbele, na pale alichokiona kilimchanganya kuliko wavu.

Juu ya mkeka, katikati ya watu wanaolia, vilikuwa vimepangwa vyombo vyake. Kriki ilikuwa imefutwa tope. Mnyororo ulikuwa umezungushwa vizuri, mbao zimelazwa sambamba. Mama mmoja mzee, mwembamba, alikuwa amekaa chini, sepetu mapajani mwake, akiupapasa mpini kwa kiganja.

"Alikuwa fundi," mzee yule alikuwa anasema kwa wanawake waliomzunguka. "Mutoto wangu alikuwa fundi wa magari, na mimi sikujua. Nilikuwa ninawaza analala njaa kule. Muone. Muone vyombo vyake."

"Alikuwa na kazi, Mama," wanawake waliitikia. "Hakuishi bure."

Polycarpe alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, akiitazama pampu ya upepo kama mtu aliyepewa barua ya lugha asiyoijua. Alipomwona Kavugho na gunia mgongoni, mdomo wake ulifunguka kidogo.

Kavugho alitua mzigo. Maneno yote aliyoyatunga kwenye kilima yalikuwa yamemtoka. Alijiuliza kama anaweza kugeuka na kuondoka, aache mambo yalivyo. Lakini jipu ilikuwa bondeni na watu ndani yake, na huu wavu ungekuwa wa nani? Alijiuliza pia ni dhambi ipi kubwa zaidi, kumnyang'anya mama kitu alichokipata sasa hivi, ao kumwachia uongo. Akapiga magoti mbele ya mzee.

"Mama, unisamehe. Ile iko ya gari yetu, imekwama kule chini kwa matope. Tulichanganya magunia kwa mvua. Ya mutoto wako njo hii."

Akafungua gunia, akauvuta wavu nje.

Kilio kilikatika. Mzee aliutazama wavu kwa muda, mkono mmoja ukiwa bado juu ya sepetu. Kisha akalishika pindo lake, akalipeleka karibu na macho, akaanza kuhesabu mafundo kwa kidole gumba bila kutoa sauti.

"Hii aliisuka baba yao," alisema. "Nilikuwa ninamusokotea kamba. Sasa Paul aliibeba ya nini mpaka Sake? Sake kuna nyama gani ya kuwinda?"

Polycarpe aliinama, akashika pindo la pili.

"Alikimbia na wavu," Polycarpe alisema mwishowe, kama anayejaribu wazo mdomoni. "Sisi tulikimbia na masufuria. Tuliutafuta wavu miaka yote, tukasema banyang'anyi njo waliuchukua."

"Basi hakuwa fundi?" mama aliuliza. Alikuwa anamtazama Kavugho, si mwanawe.

"Sijue, Mama," alisema Kavugho. "Mimi sikumujua. Labda alikuwa."

Mzee alitikisa kichwa taratibu. Machozi yake yalianza upya, lakini sasa hayakuwa na wimbo wa wale wanawake. Alilia peke yake, uso ndani ya wavu. Kile kifurushi cha ganda la mti Polycarpe alikichukua bila neno, akakipeleka ndani ya nyumba. Baadaye kidogo mzee aliinua sepetu kwa mikono miwili, akampa Kavugho.

"Batu wako wanangoja kwa matope," alisema. "Polycarpe, mupeleke. Muende wengi."

Wakaenda wengi. Wanaume wa msiba, nguo nyeusi zimekunjwa mpaka magotini, walishuka bondeni na kriki, mbao na kamba. Walichimba, wakainua, wakatandika mbao, na Jacques alipotia gia wakasukuma kwa mabega, wakitoa sauti moja. Jipu ilitoka ikawarushia tope wote. Mmoja alicheka, akakumbuka ametoka wapi, akanyamaza, kisha akacheka tena kwa sababu hakuweza kujizuia. Mukashema aliwagawia ndizi na mkate wa safari. Jacques alimwendea Polycarpe akaomba radhi, na Polycarpe akamshika bega tu.

Polycarpe alipanda nao mpaka juu ya kilima cha pili, akihofia wangekwama tena, lakini kule njia ilikuwa ya mawe na gari lilipita vizuri. Hapo akaomba kushuka. Alisimama karibu na dirisha la Kavugho, mikono na shati lake vyote vyekundu kwa tope.

"Mama Kavugho, ukirudi utapita Sake."

"Nitapita. Sake njo nyumbani kwangu."

"Mwenye nyumba wa Paul anaishi nyuma ya soko, kwa upande wa wasaga mihogo. Nilipofika sikumuuliza kitu. Nilichukua gunia na nikaondoka, nilikuwa kama mutu wa kulewa. Umuulize kwa ajili yetu. Alikuwa anafanya kazi gani kule. Alikuwa anakula wapi. Kama alikuwa anaonesha batu ule wavu, ao aliuficha."

"Nitamuuliza."

"Na kama alikuwa kweli fundi, siku utapita tena huku, umuambie Mama. Na kama hakuwa..." Alifikiri. "Umuambie vilevile."

Kavugho alikubali. Alitaka kusema neno jingine, la kufariji, lakini kila alilolishika lilionekana ni la mtu mwingine. Polycarpe aliaga kwa mkono, akaanza kuteremka kuelekea Kashebere kwa hatua ndefu za mtu aliyezoea msitu.

Jacques alingoja mpaka alipopotea kwenye kona. Kisha akatia gia ya kwanza, na wakaendelea kuelekea Walikale, wakiwa wamechelewa.