Mpaka wa Bondeni

...na waliovuka mpaka wakajitwalia nchi isiyo yao, Mungu aliwaona, anasema mwinjilisti Telesfori, na kanisa zima la Chonyonyo linaitika amina, maana vita na Uganda vimeisha juzijuzi na kila mtu anawajua waliovuka, na amina inayosikika kuliko zote, kutoka benchi la wazee wa kanisa, ni ya Apolinary, na Dafroza, mkewe, anamhamishia mtoto titi la pili ili asilazimike kuitika... Apolinary aliyeng'oa miramula, ile mimea ya kuonyesha mpaka, Jumanne asubuhi, mvua ikinyesha, akaipanda upya ndani ya shamba la mjane, migomba yote ya bondeni ikawa yao, na Dafroza amesimama pale na jembe begani, anaona... na mjane mwenyewe ndiye huyu, Nyirabageni, aliyembana ukutani, benchi limejaa, hakuna pa kusogea, wewe hukuona kitu, Mama Kokuhirwa, Apolinary alimwambia mkewe akinawa matope, Jumatatu barazani wazee wakikuuliza habari ya mpaka, ulikuwa jikoni, Mbonimpa alitoka Rwanda na mkeka tu, sasa amekufa, mjane wake auchukue aende nao... Damasko, anasema Telesfori, Gaza, Tiro, nabii Amosi anawahukumu majirani mmoja mmoja na Israeli wanafurahi, hawajui kwamba wavu unawazunguka wao, mpaka anawageukia, ninyi mnaomkanyaga maskini, na shingo ya Apolinary imetulia, haishtuki, huenda bado anafikiria Gaza... Dafroza ameomba, ee Mungu, fanya wewe, leta upepo uivunje ile migomba, ukaushe mkono wake, halafu akaiondoa haraka hiyo ya mkono, maana ndio unaolima chakula cha watoto, na akisema ukweli atarudishwa kwa kaka zake kule Nkwenda na watoto watabaki, watoto ni wa baba, Kokuhirwa ataanza kumwita mwanamke mwingine mama... simamisheni haki langoni, anasema Telesfori, lango lilikuwa baraza lao, wazee wanakaa, mashahidi wanasema, hapo ndipo Mungu alipotaka haki yake ionekane... hapo, si mawinguni, barazani, na aliyeona ni nani, Bwana alishuhudia kwa macho ya nani kule bondeni kama si haya...

“Miguu yake ina baridi, mwenzangu,” ananong'ona Nyirabageni, na anachomoa ncha ya kanga yake kuukuu, anaifunika miguu ya mtoto wa Apolinary, anaishikilia hapo.

“Asante,” anasema Dafroza, kwa hiyo upepo hautakuja, mkono hautakauka, alikuwa anamwomba Mungu afanye jambo ambalo Mungu amekwisha kumwachia yeye, na Telesfori bado anahubiri, mtoto bado ananyonya, bega la mjane bado liko hapo na ukuta uko hapa, Apolinary anaitika amina nyingine, na Dafroza anajua sasa kwamba kesho barazani atasema, na anaogopa kuliko alivyoogopa alipokuwa hajui.