Meno Tumboni

Haya wajukuu, nani huyu: meno yake yako tumboni, na hatafuni mpaka mkia wake uingie ukutani? Msikimbilie kusema panya. Ni blenda.

Blenda yenyewe ilikuwa ya Karani, mfanyakazi wa ofisini, mke wa mdogo mtu katika ndugu wawili. Mke wa kaka mtu alikuwa fundi cherehani. Walikaa nyumba moja, jiko moja, na mama mkwe wao asiye na jino hata la dawa. Miaka yote Fundi ndiye aliyempondea mama chakula kwa mwiko mpaka kilainike. Mama akiita, ni "Fundi wangu!"

Blenda ikaingia. Vruum, kimelainika. Sasa ikawa "Karani wangu!" Mama anacheka, anapigapiga jagi: "Mwenzangu huyu kanishinda meno!"

Fundi roho ikamuuma. Akisikia blenda inanguruma, anakanyaga cherehani mpaka uzi unakatika. Salamu akawa anazijibu kwa kuguna.

"Dada, nimekukosea nini?" Karani akamuuliza.

"Nina nguo za watu hapa," akajibu, akainamia sindano.

Kesho yake, akiosha vyombo, Fundi akauchomoa ule mpira mwembamba unaokaa chini ya jagi, akautia kwenye droo ya vifungo. Alitaka ivuje tu, mama aseme mwenyewe, "Afadhali mwiko."

Karani alikuwa anakimbilia kazini, hakukagua. Akamimina supu iliyopoa, akawasha. Supu ikachuruzika kwenye mota, ikaufuata waya. Naye, blenda ikiwa bado inanguruma, akanyakua kitambaa kibichi apanguse hukohuko chini.

Fundi alikuwa mlangoni, amekuja kufurahi.

"Usiguse! Toa mkono!" Akaruka, akazima swichi ya ukutani, akachomoa plagi. "Maji na umeme, wewe! Unazima kwanza, unachomoa, ndipo unapangusa!"

Karani akalifungua jagi chini. "Mbona mpira haupo?"

Fundi akatoka, akarudi, akauweka mpira mezani. Karani akautazama, kisha akamtazama yeye. Swali la jana lilikuwa bado limesimama kati yao.

"Hujanikosea kitu, mdogo wangu," Fundi akasema, sauti imemshuka. "Ni mama. Tangu hii iingie humu, nakaa pale kwenye cherehani natega sikio, na siitwi."