Baada ya Salfa

Mkimuona kaka yangu Masoudi siku hizi anapita sokoni Nachingwea na gitaa mgongoni, mnasema ndiyo huyo, mtu wa kazi, hana mchezo. Wimbo wake unapigwa redioni asubuhi na jioni. Juzi mtangazaji akamuuliza siri ya mafanikio, naye akajibu bila hata aibu: "Siri ni kutoahirisha." Loh! Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika.

Masoudi huyuhuyu! Kwa kupiga kalenda hakuwa na mpinzani kuanzia Kiegei mpaka Ruponda. Wimbo ule nilitunga mimi, Yasmini, nikiokota korosho shambani kwetu Marambo, na mwimbaji nilikuwa mimi. Yeye alipiga gitaa tu. Benedicto, mwenye studio ya muziki kule Ruangwa, alinisikia nikiuimba harusini Ruponda, akaacha sahani ya pilau akaja kunitafuta. "Dada," akasema, "sauti hii isiozee shambani. Njooni siku yoyote isipokuwa Jumapili. Wimbo wa kwanza sitaki hata shilingi."

Siku yoyote! Kaka akasema tungoje abadilishe nyuzi za gitaa. Nyuzi zikaja, ikawa tungoje Ramadhani ipite. Ramadhani ikapita, ukaingia ufuta, kisha korosho. Misimu mitatu, jamani. Nikimuuliza, "Kaka, Ruangwa lini?" ananijibu kwa upole, "Baada ya hili, mdogo wangu." Na mimi nikapata la kuwaambia watu. Kila aliyeniuliza mbona sisikiki redioni, nilimwambia kaka ananichelewesha. Walinihurumia, na ile huruma niliipenda.

Mwaka juzi, mwezi wa saba, mikorosho ikatoa maua. Maua yakitoka ni lazima kupuliza salfa, ule unga wa njano wa kuzuia ukungu, la sivyo usitegemee korosho. Masoudi akala kiapo. "Tukimaliza salfa tu, Alhamisi tunaenda. Wewe fanya mazoezi." Mgongo ulikuwa unamuuma, kwa hiyo mashine ya kupulizia nikaibeba mimi, alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani ili unga ushike. Nilijifunga kanga puani na mdomoni, kama tunavyofanya wote huku.

Basi sikieni ujinga wangu. Alhamisi imekaribia, mazoezi sijafanya, na ile mashine inanguruma kiasi kwamba hakuna anayenisikia. Nikaona hapa ndipo pa kuimba kwa nguvu zote. Kanga ikawa inanibana, nikaishusha shingoni. Nikaimba mkorosho kwa mkorosho, mdomo wazi, asubuhi tatu mfululizo. Siku ya tatu upepo ukageuka, na vumbi lote la njano likanirudia usoni nikiwa katikati ya kiitikio.

Nilikohoa wiki sita. Kikohozi kilipopoa, sauti nayo ilikuwa imekwenda. Daktari akaniambia koo limebaki na kovu, nishukuru napumua. Nikabakiwa na hiki kinachokwaruza mnachokisikia.

Ndipo Masoudi akaamka! Alilia mbele yangu, mtu mzima na ndevu zake, na Alhamisi iliyofuata tukapanda gari la kwanza kwenda Ruangwa. Safari iliyomshinda miaka mitatu, hatia ilimfikisha asubuhi moja. Studio yenyewe ni chumba kimoja, kuta zimebandikwa trei za mayai kuzuia kelele. Benedicto akanisogezea kipaza sauti. Nikafungua mdomo. Akavua hedifoni, akamtazama kaka, akanitazama mimi.

"Ataimba yeye," nikamkwaruzia.

Kaka akaimba. Nilikaa pembeni nikimgongea mapigo mezani, namwinulia mkono pa kupanda, namshushia pa kushuka. Aliimba vizuri, na roho iliniuma kwamba ameimba vizuri.

Wakati wa kuondoka Benedicto akanivuta kando. "Dada, mbona hukuja peke yako? Kinanda ninacho hapa. Nilikuwa nakutaka wewe, sikutaka gitaa."

Nilitaka kumtukana. Lakini alisema kweli. Gari la Ruangwa linapita kila siku, nauli nilikuwa nayo, na mume wa kunizuia sina. Niliogopa tu. Niliogopa kufika pale nikaambiwa kumbe sauti yenyewe ya kawaida, ya harusini. Kaka alikuwa na uvivu wake, na mimi nikajificha nyuma ya uvivu huo miaka mitatu, huku namlaumu kwa kila mtu.

Leo ni Jumamosi, na ni mwezi wa saba tena. Alfajiri mifuko ya salfa ilikuwa mlangoni, mashine imeshatiwa mafuta. Binti yangu Zuhra, ana miaka kumi na miwili, alikuwa uani anaosha vyombo na kuimba ule wimbo. Panapopanda alipanda bila kuhangaika, kama nilivyokuwa napanda mimi. Nilisimama jikoni nikamwonea wivu. Ndiyo, wivu, kwa mtoto niliyemzaa mwenyewe! Nisiwadanganye.

Akanyamaza, akaniita. "Mama, kwa anko Benedicto utanipeleka lini? Uliniahidi tangu Idi."

"Baada ya..." nikaanza.

Macho yangu yakaangukia ile mifuko. Zuhra alikuwa ananitazama, sufuria mkononi, na usoni hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa ameshazoea. Alinitazama kama mimi nilivyokuwa namtazama Masoudi.

Maua hayangoji, najua, na korosho za mwaka huu huenda tusizione. Nikatoka, nikaifunika mifuko kwa turubai, nikamwambia avae viatu.