Pumzi Moja ya Kamande

Siku Muhiddin alipoingia kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa mazoezi kule Kenton, London, alimwendea Kamande moja kwa moja, akainamisha kichwa na kusema, "Shikamoo, kaka." Kwa kina Kamande, Nairobi, shikamoo ni ya bibi na babu, tena wale waliobakiza meno machache, na Kamande alikuwa na miaka thelathini na saba tu. Akaitikia marahaba kwa shingo upande, na siku nzima hakumchangamkia yule kijana wa Tanga.

Isitoshe, Kamande hakuwa mchezaji wa kubabaisha. Kabadi, ule mchezo wa Wahindi, ilimtoa Embakasi, ikampeleka India akacheza mbele ya watu waliojaa mpaka kwenye ngazi, kisha ikamleta London. Kazi yake kote huko ilikuwa ile ile, kuvamia. Mvamizi huvuka mstari wa kati peke yake, akaingia kwa wapinzani huku akitamka "kabadi, kabadi, kabadi" kwa pumzi moja, bila kuvuta nyingine. Akimgusa mtu na kurudi kwao kabla sauti haijakatika, amepata pointi. Akishikwa, au pumzi ikimwishia huko ugenini, ametoka. Wapo waliojaliwa miguu na wapo waliojaliwa mabega. Kamande alijaliwa kifua, na kifua hicho ndicho kilichomlisha tangu ujana wake.

Sasa majira ya baridi yaliyopita alishikwa na nimonia, akalazwa, na alipotoka kifua hakikurudi kama zamani. Hilo hakumwambia mtu. Alijifua kwa siri kwenye ngazi za jengo lao huko Kilburn, akipanda kutoka chini huku akitamka neno lake, akidhani hakuna anayemsikia. Mkewe Nancy, ambaye ni nesi na anayajua mapafu kuliko anavyozijua sufuria zake, alikuwa jikoni akisikiliza sauti inakatikia wapi. Zamani ilifika mpaka mlangoni. Siku hizi iliishia ghorofa ya pili. Nancy akampakulia ugali tu, kwa kuwa anamjua mumewe: habari za kifua chake humwanzishii wewe, unasubiri aanze mwenyewe.

Msimu ulipokaribia, kocha wao, Amisha, alimwita pembeni. Amisha alizaliwa hapo hapo Kenton, lakini wazazi wake walitoka Kisumu, na Kiswahili alikiokota jikoni kwa mama yake.

"Kamande, mimi sitaki kuzunguka," akasema. "Msimu hii club inaweza lipa mchezaji moja tu. Iko wewe, iko Muhiddin. Jumamosi tutacheza sisi kwa sisi, halafu nitaamua. Kama si wewe, kuja unisaidie na coaching. Part-time."

"Mimi ni mchezaji, Coach."

"Najua. Hiyo ndiyo shida."

Kamande aliogopa, na hakuna haja ya kumpamba. Hajui kazi nyingine. Watu wa kwao wakikutana naye Peckham bado humwita "yule wa kabadi", na alijiuliza wangemwita nani akiacha. Na aliyesimama njiani alikuwa yule yule wa shikamoo. Muhiddin alikuwa beki wa pembeni, na tangu ajiunge alikuwa akimdaka Kamande karibu kila mazoezi, tena pale pale anapotaka kugeuka, utadhani wamepanga.

Alhamisi, akiwa anakunywa maji na Muhiddin, Kamande akameza kiburi chake.

"Hebu niambie ukweli, bana. Unajuaje nataka kugeuka?"

Muhiddin akashangaa. "Si unaniambia mwenyewe, kaka?"

"Nakuambia nini?"

"Unasema kaba." Kijana akaona mwenzake hajaelewa. "Ukiingia, kabadi yako safi kabisa. Ukishafika ndani, ile 'di' inapotea. Inabaki kaba, kaba, kaba. Mimi nimecheza mpira toka mdogo, kaka, namba mbili. Kocha akipiga kelele 'kaba', miguu inakwenda yenyewe. Nikajua unanitania."

Kamande akacheka, maana kilikuwa kichekesho kweli: mvamizi anayewaomba mabeki wamkamate. Kisha kicheko kikamwishia mdomoni. Alielewa kilichotokea. Kifua kilikuwa kikibana matumizi, na mdomo umekula silabi nzima bila kumwomba ruhusa. Wengine wote pale ukumbini walisikia mvumo tu. Hata Kiswahili cha jikoni cha Amisha hakikuwa na kukaba ndani yake. Mtu pekee aliyesikia kwamba pumzi ya Kamande imekwisha ni yule anayegombea nafasi naye.

"Umemwambia Coach?"

"Nimwambie ili iweje?" Muhiddin akasema, akitazama chini. "Wewe ni mkubwa wangu."

Jumamosi Nancy alikuja moja kwa moja kutoka kazini, akaketi kwenye benchi na sare yake chini ya koti. Kamande akapangwa upande mmoja, Muhiddin upande mwingine. Kamande alipovamia mara ya kwanza alijisikiliza, akaisikia "di" ikienda zake mara tu alipofika ndani. Akaiona pia miguu ya Muhiddin ikianza kuja, halafu ikasimama. Kijana akageuza macho pembeni kama mtu aliyemkuta mkwewe akioga. Kamande akamgusa bega, akarudi kwao. Wenzake wakapiga makofi na Amisha akamwonyesha kidole gumba.

Mara ya pili ikawa vile vile.

Kamande amewahi kushindwa, tena mbele ya maelfu. Amewahi kuvunjwa kidole na kuteguliwa bega. Kuachiwa hajawahi, na kulimuuma kuliko vyote hivyo. Hata kumkasirikia kijana hakuweza. Alijua Muhiddin anafanya kazi ya kulea wazee, zamu juu ya zamu, mgongo ukimuuma, na kwamba nafasi hii ndiyo ingempumzisha. Alikuwa akiitupa kwa ajili ya adabu aliyofunzwa kwao. Kamande akiinyamazia, angecheza msimu mzima kwa pumzi ya mtu mwingine.

"Coach, nipe moja ya mwisho," akasema.

Amisha akakubali. Kamande akajaza kifua, akavuka. Kabadi, kabadi, kabadi. Alikwenda ndani kabisa, kuliko alivyothubutu mwaka mzima, mpaka akawa uso kwa uso na Muhiddin, na hapo akahisi pumzi inafika mwisho. Safari hii hakuficha. Akaacha kutamka kabadi, akasimama wima, na kwa ile kidogo iliyobaki akasema kwa sauti ya mtu aliye nje ya uwanja akiita mchezaji wake:

"Muhiddin. Kaba."

Miguu ya kijana ikaenda yenyewe. Akamzoa Kamande kiunoni, wakaanguka pamoja kwenye mkeka, na filimbi ikalia. Kwa sheria Kamande alikuwa ameshatoka hata kabla hajaguswa, kwa kutamka neno lisilo la mchezo, lakini hakuna aliyekuwa na haja ya kumkumbusha.

"Samahani, kaka," Muhiddin akasema, bado amemshikilia.

"Nyamaza. Mguu wako wa kushoto umechelewa."

Machozi yalimtoka Kamande na hakuyafuta. Ilimuuma, maana alikuwa akiyaaga maisha yake yote akiwa chali sakafuni. Nancy alikuwa ameshasimama kule kwenye benchi, mkono mdomoni. Kamande akamwonyesha kwa kiganja kwamba yu mzima. Kisha akavuta pumzi, ndefu, akaiachia polepole. Ilikuwa miaka mingi hajavuta pumzi bila kupiga hesabu itamfikisha wapi.

Amisha akaja akasimama juu yao, filimbi ikining'inia shingoni. Alimtazama Kamande, akamtazama Muhiddin, kisha Kamande tena.

"Umemwambia nini pale?" akauliza.

"Ni mambo ya ile kazi ya part-time," Kamande akasema. "Nimeanza leo."