Bapa Fupi la Mama Niragira

Miezi mitatu baada ya vita kwisha, karakana ya kijiji huko Murukulazo ilibakiwa na nafasi moja ya fundi, na walioitaka walikuwa wawili: Deodata, mama yake Niragira, na shemeji yake Felisiani. Atakayeikosa angerudi shamba la kijiji kupalilia maharage juani. Deodata alikuwa amepalilia misimu minne, na mgongo wake ulikwisha kutoa uamuzi.

Fundi wa Kiswidi aliyekuja kufundisha useremala alimwaga mabapa ya visu vya kwao juu ya benchi. Chuma kitupu, kila bapa na mkia mwembamba wa kuingizwa kwenye mpini.

"Chagueni," alisema. "Kila mtu atie mpini wake, achonge mwiko. Mwenye mwiko mzuri anabaki."

"Wanaume kwanza," akasema Felisiani.

"Chagua, shemeji. Mimi sina haraka ya kukosea."

Felisiani alifanya kama wazee wake walivyofanya sokoni wakinunua jembe: alishika bapa kwa mkia, akaligonga kwenye jiwe, akatega sikio. Lililolia kwa unyonge alilirudisha, akagonga jingine. Mswidi alifumba macho kwa kila mlio. Mwishowe likapatikana lililolia kama kengele ya misa, refu kuliko yote, linang'aa.

"Hili ni singe kabisa," alisema. "Kule mbele vitani tulikuwa nazo."

"Mwiko hauna bunduki, shemeji. Hautakupinga."

Deodata hakugonga kitu. Aliegesha bapa mojamoja juu ya ukucha wa dole gumba. Lililoteleza aliliweka kando, lililong'ata aliliweka karibu. Yakabaki mawili. Akafungua pindo la kanga, akatoa ndizi mbichi, akamenya. Lile fupi, urefu wa kidole, lilipita chini ya ganda bila kugusa nyama. Utomvu ukaligeuza jeusi papo hapo.

Felisiani akacheka. "Limeoza hata kabla ya kazi."

"Chuma kinachokubali utomvu kinakubali na jiwe la kunolea. Hicho chako utakinoa mpaka Krismasi."

Wakatia mipini ya mpera, wakaanza. Bapa la Felisiani lilikuwa refu mno: mkono uko huku, ncha iko kule. Tena pale alipogonga palikuwa pamemeguka, na kila alipovuta, mti ulichanika. Mwiko wake ulianza ukiwa wa ugali, ukashuka ukawa wa mchuzi, na kufika saa sita ulikuwa kijiti cha kuchokolea meno. Deodata wakati huo alikuwa akiusugua wake kwa majani ya msasa.

Mwenyekiti wa kijiji, Ildefonce, aliyekuja kuamua huku alishaandika jina la Felisiani daftarini kwa penseli, aliukoroga mwiko wa Deodata hewani, akaunusa, akautafutia kosa. Hakuliona. Akaomba kifutio.

"Nafasi ni yako, Mama Niragira. Kazi ya kwanza, mipini arobaini ya majembe. Ya shamba la kijiji yote imevunjika."

"Arobaini, Ndugu Mwenyekiti?"

"Ulitaka kivuli. Kivuli nacho kina kazi."

Deodata alivuta benchi mpaka pasipofika jua, akaketi, akachukua gongo la mti la mpini wa kwanza.

"Shemeji," aliita, "njoo nikupime kiganja. Mpini huu nataka ukukae vizuri."